Santuri za Jazi za Kununua: Mimi Naanza na Tundu la Katikati

Ramadhani iliyopita nilinunua Kind of Blue ya Miles Davis kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Shilingi 180,000, mbali na nauli ya kifurushi. Nilikwenda kuipokea stendi ya Kange hapa Tanga, nikarudi nayo Chumbageni juu ya bodaboda nimeipakata kama mtoto, nikaiweka kabatini mpaka tufuturu. Ilikuwa mpya, bado imefungwa nailoni. Jalada halina hata kunyanzi.

Wimbo wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili nikahisi kitu sikijui ni nini. Ulipofika wa tatu, Blue in Green, piano ya Bill Evans ikaanza kuyumba. Kila noti ndefu inapanda kidogo, inashuka kidogo, inapanda tena. Mama yangu hasikilizi jazi, yeye ni mtu wa taarabu, na alikuwa amekaa tu akipunga upepo. Akaniuliza, "Mwanangu, hicho kinanda mbona kinapepesuka?"

Nikainama kuutazama mkono wa mashine. Ulikuwa unakwenda kushoto, unarudi kulia, unakwenda kushoto, kama ngalawa iliyotia nanga Sahare siku ya kusi. Hapo nikaelewa. Santuri haina mkwaruzo, haina vumbi, haikupinda. Tundu lake la katikati halipo katikati.

Tangu siku hiyo nimepima kila santuri niliyonayo, na nimewasikia wenzangu watatu wenye kilio hichohicho, mmoja wao yuko Bagamoyo na alidhani mashine yake imekufa. Alishaipeleka kwa fundi, akabadilishiwa mkanda wa mota, akalipa, akarudi nyumbani sauti ikiyumba vilevile. Kwa hiyo mwongozo huu hautaanza na mambo mnayoyajua. Mikwaruzo mnaiona kwa macho. Jalada lililoliwa na panya mnaliona. Mimi nataka tuzungumze kuhusu tundu.

Nitaliita tundu la kombo, maana sijaona jina linalofaa zaidi. Mifuo ya santuri, vile vijia vinavyopitiwa na sindano, huzunguka kama duara, na duara lina kitovu. Tundu likitobolewa pembeni ya kitovu, hata kwa milimita 1 tu, santuri inazunguka kama gurudumu la baiskeli lenye ekseli iliyokaa upande. Sindano inapita juu ya mfuo mara kwa kasi, mara kwa taratibu. Ikipita kwa kasi sauti inapanda, ikipita taratibu inashuka. Santuri ndefu huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mzunguko 1 kila sekunde 1.8, na ndiyo maana kuyumba huku kuna mwendo wake, kama pumzi ya mtu aliyelala. Ukishaujua mwendo huo huwezi kuacha kuusikia.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wauzaji wanapotuchezea. Kombo la milimita 1 kwenye ukingo wa nje, ambako mfuo uko kama milimita 145 kutoka kitovu, linabadilisha sauti kwa asilimia 0.7 tu kila upande. Wengi hawasikii. Lakini kombo hilohilo likifika ndani karibu na lebo, kwenye milimita 60, linakuwa asilimia 1.7 juu na asilimia 1.7 chini. Nusu toni nzima ya muziki ni kama asilimia 6. Kwa hiyo piano yako inapanda zaidi ya robo ya nusu toni, kisha inashuka kiasi hichohicho, kila sekunde mbili kasoro. Ndiyo maana So What, wimbo wa kwanza, ilinipita na Blue in Green ikanichoma: huu ni wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, uko ndani kabisa, nao ni wa polepole, wa piano na tarumbeta iliyozibwa mdomo. Muuzaji akikwambia "nimejaribu, inapiga vizuri", muulize amejaribu wimbo upi. Karibu wote huweka sindano mwanzo wa upande, wanasikiliza nusu dakika, wanaitoa.

Si kila ala inalisema kombo. Ngoma hazilisemi. Saksofoni inaficha, maana mpigaji mwenyewe hutikisa sauti. Piano ndiyo shahidi wa kweli, kwa sababu noti ya piano ikishapigwa haina njia ya kupanda wala kushuka yenyewe. Mimi hutumia Peace Piece ya Bill Evans, ya mwaka 1958, ambayo mkono wa kushoto unarudia kitu kilekile kwa utulivu tangu mwanzo mpaka mwisho. Kama hiyo inasimama wima, santuri yako ni salama. Na tuweke wazi jambo moja: wapo wanaolalamika kwamba piano nyingi alizorekodi Rudy Van Gelder, fundi wa studio, zinasikika kama zimefungiwa kabatini. Ni kweli, lakini hilo limo ndani ya tepu yenyewe. Usirudishe santuri kwa ajili hiyo.

Kuna hili la joto pia, nalo lazima niliseme kwa sababu sisi wa pwani tunalisingiziwa sana. Nilipomwandikia yule muuzaji, jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Labda ni joto la huko kwenu Tanga." Joto hupinda santuri, ndiyo. Ukiiacha kwenye kiti cha nyuma cha gari Mkwakwani saa saba mchana utaikuta kama chapati. Lakini santuri iliyopinda huupandisha mkono juu na kuushusha chini. Tundu la kombo huupeleka mkono kushoto na kulia. Joto haliwezi kuhamisha tundu, na hakuna jua la Tanga linaloweza kufanya hivyo ndani ya nailoni ambayo haijafunguliwa. Mkishaijua tofauti hii, hakuna atakayewafunga mdomo kwa neno joto.

Kombo linazaliwa kiwandani. Fundi hukata muziki kwenye sahani ya laka, laka hiyo hupakwa madini, na mwishowe hupatikana mabamba ya nikeli yanayobonyeza plastiki, bamba moja la upande wa kwanza, jingine la upande wa pili. Kila bamba hutobolewa tundu lake kwa kutafuta kitovu cha mifuo. Mfanyakazi akikosea hapo, au mashine ikichoka, kila santuri inayotoka kwenye bamba hilo ina kasoro ileile, na bamba moja hutoa mamia ya nakala. Mambo mawili yanafuata. La kwanza, upande mmoja unaweza kuwa sawa na wa pili ukawa kombo, kwa hiyo pima pande zote mbili. La pili, ukirudisha nakala mbovu na muuzaji akakupa nyingine kutoka katoni lilelile, huenda umebadilishiwa ugonjwa kwa ugonjwa. Omba ya mzigo mwingine.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji video ya sekunde 10, simu ikiwa juu ya mashine, sindano ikiwa kwenye mfuo wa mwisho kabisa karibu na lebo, pale ambapo muziki umekwisha. Huhitaji sauti. Tazama kichwa cha mkono. Kikitulia, lipa. Kikicheza kwa upana wa unene wa sarafu, fikiri. Kikicheza zaidi ya hapo, achana naye. Akikataa kupiga video, umeshapata jibu.

Basi tuje kwenye matoleo yenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza: Tone Poet ya Blue Note

Mimi ni mtu wa Blue Note na sifichi. Kampuni hiyo ilianzishwa New York mwaka 1939, Alfred Lion akiwa mwanzilishi, akaungana na rafiki yake wa tangu Berlin, Francis Wolff, aliyepiga zile picha ambazo hata asiyesikiliza jazi anazijua: mtu, saksofoni, moshi na giza. Majalada mengi yakapangwa na Reid Miles. Rudy Van Gelder alirekodi kwanza sebuleni kwa wazazi wake kule Hackensack, New Jersey, na kuanzia 1959 katika studio aliyoijenga Englewood Cliffs. Ninapenda kila kipande cha historia hiyo.

Tone Poet, mfululizo wake wa kutoa upya albamu za zamani, ilianza 2019, Blue Note ilipotimiza miaka 80. Msimamizi ni Joe Harley, mkataji wa laka ni Kevin Gray, na wanatumia tepu za awali zenyewe bila kupitisha muziki kwenye kompyuta. Zinabonyezwa kwenye kiwanda cha RTI, Camarillo, California. Jalada ni la kukunjua, karatasi nene, na ndani kuna picha za Wolff kubwa kiasi cha kuweka fremu. Lakini kwangu sababu ni ile moja: ninazo 9, pande 18, nimezipima zote usiku mmoja umeme ulipotulia, na mkono haukutikisika kwenye upande hata mmoja.

Anza na Now He Sings, Now He Sobs ya Chick Corea, iliyorekodiwa 1968, mojawapo ya zilizofungua mfululizo huu. Ni piano, besi na ngoma tu. Hakuna mahali pa kombo kujificha, na wao hawakuogopa kuitoa mwanzoni kabisa. Kwangu hiyo ni kama mwashi anayekualika uweke pima-maji ukutani kwake.

Bei huko Marekani imekuwa kama dola 35 hadi 40. Tutarudi kwenye bei.

Ya pili: Classic Vinyl, ya Blue Note pia

Hii ni ndugu mdogo wa Tone Poet. Laka zinakatwa na Kevin Gray yuleyule, lakini zinabonyezwa Ujerumani kwenye kiwanda cha Optimal, na jalada ni la kawaida lisilokunjuliwa. Kwa sababu hiyo bei iko chini kidogo, na kwa sababu zinatoka Ulaya, mwenye ndugu Hamburg au Uholanzi huzipata kwa urahisi. Binamu yangu huniletea mbili mbili akija likizo, katikati ya nguo zake.

Chukua Moanin' ya Art Blakey ya 1958, halafu chukua Idle Moments ya Grant Green. Hiyo ya pili ina wimbo wa kwanza wa karibu dakika 15, mwendo wa polepole kabisa, gitaa linaongea kama mtu aliyekaa barazani hana haraka. Imerekodiwa 1963. Mimi nimelelewa na gitaa. Baba alikuwa na santuri ndogo za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, maana mjini kwetu ukimtajia mzee neno jazi, hizo ndizo bendi zinazomjia kichwani, wala hafikirii New York. Sikuwahi kuona ni tatizo. Sikio lililofundishwa na magitaa ya Tanga linamwelewa Grant Green bila mkalimani.

Kwa asiye na mashine ya gharama, ningemwambia aanzie hapa wala asione haya. Tofauti ya sauti kati ya hii na Tone Poet ipo, lakini ni ndogo kuliko tofauti ya jalada.

Ya tatu: Original Jazz Classics

Jina hili ni la zamani, la miaka ya 1980, lilipokuwa njia ya bei nafuu ya kuzipata rekodi za kampuni za Prestige, Riverside na Contemporary. Craft Recordings wamelifufua mwaka 2023 kwa namna tofauti: Kevin Gray tena, RTI tena, jalada la karatasi nzito iliyobandikwa kwa mkono wa kizamani. Workin' ya Miles Davis ilikuwa kati ya za mwanzo kutoka. Hapa ndipo utampata Bill Evans wa Riverside na Thelonious Monk wa Riverside, watu wa piano, kwa hiyo hapa ndipo kombo lingeumiza zaidi kama lingekuwepo. Kwenye zangu 4 halipo.

Mbona basi ni ya tatu? Kwa sababu bei yake imepanda kulingana na Tone Poet na hupati jalada la kukunjua. Na zile za miaka ya 1980 zenye jina hilihilo, ukiziona mahali kwa bei ya haki na muuzaji akakubali kupiga video, nunua bila kufikiri. Watu wanazidharau kwa sababu zilikuwa nafuu zamani.

Ya nne: Acoustic Sounds ya Verve na Impulse!

Mfululizo huu wa kampuni hizo mbili ulianza 2020, laka zinakatwa na Ryan K. Smith wa Sterling Sound, na santuri zinabonyezwa Salina, Kansas, kwenye kiwanda cha QRP. A Love Supreme ya John Coltrane imo, ile iliyorekodiwa tarehe 9 Desemba 1964. Getz/Gilberto imo. Kazi yao ni safi, kimya cha plastiki yake ni kimya cha msikitini baada ya isha. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya moyo wangu tu. Mwenye kumpenda Coltrane kuliko vyote aipandishe hadi ya kwanza, sitabishana naye.

Watu hao wa Salina wana kampuni ya Analogue Productions, inayotoa pia santuri za mizunguko 45, albamu moja ikagawanywa kwenye sahani mbili. Kwa upande wa kombo kuna faida: muziki ukigawanywa hivyo haulazimiki kusogea sana ndani karibu na lebo, ambako kuyumba ni kukubwa. Lakini unainuka kugeuza kila baada ya dakika 10, na bei yake ni ya mtu mwenye shamba la katani. Mimi nimeziacha.

Ya tano: matoleo ya Kijapani ya miaka ya 1970 na 1980

Kampuni za King na Toshiba zilitoa Blue Note huko Japani. Utazitambua kwa mkanda wa karatasi uliozunguka jalada, unaoitwa obi. Plastiki yake ni tulivu, mafundi wake makini, na tundu limekaa mahali pake kwenye zote nilizowahi kushika. Kilichozishusha ni kwamba nyingi zilikatwa kutoka tepu za nakala, si tepu mama, na matoazi husikika makali kidogo. Kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji na madirisha ya nondo yasiyo na pazia zito, kama nyingi zetu, ukali huo unazidi.

Matoleo ya kwanza kabisa ya Marekani, yenye RVG (Rudy Van Gelder) iliyochongwa kwenye plastiki karibu na lebo na ile alama inayofanana na sikio, sitayazungumzia sana. Bei yake inatosha kununua pikipiki. Na umri hauzuii kombo: kiwanda cha 1958 kilikuwa na binadamu kama cha leo.

Zile za bei rahisi

Rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 ziko huru kisheria katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mtu yeyote huko anaweza kuzichapisha bila tepu za awali, mara nyingi kutoka kwenye sidii. Ndizo zinazojaa sokoni. Kama video ya mfuo wa mwisho imetulia na bei ni chini ya shilingi 60,000, chukua usikilize. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Lakini juu ya wanaoziuza ninalo. Hiyo santuri yangu ya shilingi 180,000 ni ya aina hii. Nilipoitafuta baadaye nikaikuta inauzwa Ulaya chini ya euro 20. Nauli ipo, ushuru upo, na mtu lazima apate faida, nakubali yote hayo, mimi mwenyewe nimeuza vitenge na najua mzigo unavyokula mtaji. Ila mwenye kuuza kwa bei inayozidi ya Tone Poet moja na nusu ana wajibu wa kufungua nailoni na kuisikiliza. Badala yake nailoni ndiyo inayofanywa sifa: "Haijafunguliwa, dada, mpya kabisa." Santuri ambayo haijafunguliwa ni santuri ambayo haijapimwa. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe unalilipia.

Wanaouza za mitumba wanatumia vipimo vya nje, wanaandika ni kama mpya, au ni nzuri sana. Vipimo hivyo vinahesabu mikwaruzo na makunyanzi ya jalada. Hakuna kipimo hata kimoja ndani yake kinachosema kama tundu liko katikati. Mtu anaweza kukuuzia santuri ya kombo la milimita 2, akaandika ni kama mpya, na kwa mujibu wa vipimo asiwe amesema uongo. Hili linanikera kuliko bei. Macho yote yako kwenye jalada, kana kwamba tunanunua picha za ukutani.

Nauli nayo ina dawa kidogo. Usiagize moja moja. Santuri moja na katoni lake gumu huweza kugharimu nauli sawa na bei yake, ila ukiagiza 4 au 5 pamoja nauli haizidi kwa kiwango hicho. Sisi huku tuko watatu, tunakusanya pesa, tunaagiza kwa jina moja, tunagawana. Mmoja ni mwalimu, mmoja yuko bandarini. Mwezi ujao zamu ni ya mwalimu kuchagua, na ameshasema anataka Uhuru Afrika ya Randy Weston. Nami nimefurahi kuliko yeye. Muziki wake ulipangwa na Melba Liston, ikarekodiwa 1960, na mwanzoni kabisa unasikia shairi la Langston Hughes likisomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Mwaka mmoja kabla ya bendera yetu kupanda, Kiswahili kilikuwa kimeshakaa ndani ya tepu za jazi New York. Nataka kukisikia kwenye mashine yangu, na nataka kisipepesuke hata kidogo.

Kwenye Kind of Blue lipo jambo jingine la sauti kwenda juu, na wengi hawalijui. Siku ya tarehe 2 Machi 1959, mashine mojawapo ya kurekodi ilikuwa inazunguka polepole kidogo kuliko inavyopaswa. Tepu hiyo ilipopigwa kwa kasi sahihi, nyimbo zote tatu za upande wa kwanza zikawa juu kidogo kuliko zilivyopigwa, na santuri ziliuzwa hivyo zaidi ya miaka 30. Ilirekebishwa kwa mara ya kwanza 1992, kwa kutumia tepu ya akiba iliyorekodiwa na mashine nzima. Kwa hiyo ukinunua nakala ya zamani ya miaka ya 1960 kwa bei kubwa, unanunua upande wa kwanza usiolingana na piano ya nyumbani kwako. Nunua toleo la Columbia lililotoka baada ya marekebisho hayo.

Mwenye santuri ya kombo tayari asiitupe. Fanya hivi. Weka sindano kwenye mfuo wa mwisho, tazama kichwa cha mkono, na mkono unapofika mbali kabisa kuelekea ukingo wa nje, tia alama ya penseli kwenye lebo upande uleule ilipo sindano. Inua sindano, zima mashine. Tundu likitanuliwa kidogo, santuri itaweza kusogea: unaisukuma kutoka upande wa alama kuelekea kwenye kichuma cha katikati. Unajaribu, unatazama, unasukuma tena. Kazi ya kutanua inataka tupa ndogo ya duara na mkono mtulivu, chembe za plastiki zisimwagike kwenye mifuo. Mimi nilimpelekea fundi saa mmoja wa Ngamiani. Alizungushia lebo karatasi ya gundi, akafunika mifuo kwa kitambaa, akalitanua tundu kwa dakika 5 hivi, akakataa pesa mpaka asikie ni muziki gani huo. Nilimletea kesho yake kwenye simu.

Sasa Blue in Green imesimama. Kila nikiiweka lazima niisukume kwa kidole mpaka mkono utulie, inachukua dakika moja au mbili, na nimeizoea.

Jana nimepita kwenye ukurasa wa yule muuzaji. Anazo nakala 4 za toleo lilelile, nailoni haijaguswa, na bei imepanda hadi shilingi 195,000. Ukienda dukani kwake, mwambie aifungue mbele yako, aiweke upande wa kwanza, wimbo wa tatu, na usikubali aanze na So What.